Ua Wenye Wakazi: Mhadhara Kuhusu Mimea ya Uzio na Ndege wa Porini

Wenyeji wa hapa Moshi, wageni kutoka Arusha na Tanga, na ninyi vijana wa vitalu vya miche mliokaa nyuma kana kwamba mada hii haiwahusu,

Najua wengi mmekuja na swali moja tu: nipande nini ili ndege waje? Nitalijibu, na majina nitayataja. Lakini ushauri mwingi unaotolewa kuhusu ua wa miti unatolewa kwa jicho la mpita njia. Mpita njia anapenda ua ulionyooka kama rula, wa kijani mwaka mzima, usio na tawi hata moja lililochomoza. Mwenye nyumba naye anapenda kusifiwa, kwa hiyo kijana wa bustani anaitwa kila baada ya wiki mbili kuja na mkasi. Ua wa namna hiyo, kwa ndege, umepishana kidogo sana na ukuta wa tofali. Anaweza kutua juu yake akapumzika, halafu akaenda zake, maana hakuna ua lililochanua, hakuna tunda, na ndani hakuna kitu ila vijiti vikavu.

Tembeeni mitaa mipya ya miji yetu mtaona ninachosema. Kuta zinapanda, juu yake vipande vya chupa au nyaya, na mbele ya ukuta mstari wa miashoki au duranta ya majani ya njano. Siwalaumu wenye nyumba. Wezi wapo, na mtu aliyejenga kwa jasho lake ana haki ya kulala usingizi. Ninachobisha ni ile imani kwamba usalama na ndege ni vitu viwili vinavyogombana. Wazee wetu walilinda maboma kwa miiba, na ndani ya miiba hiyo hiyo ndege walizaa.

Ndege wa bustanini anatafuta chakula, maji na maficho. Ukimuuliza mtu aanze na kipi, atakwambia chakula. Mimi nasema maficho, hasa mjini. Ndege mzima akikosa chakula kwako ataruka mpaka kwa jirani, lakini kinda hawezi kuruka. Na kinda wa siku hizi ana adui ambaye mababu zake hawakumjua.

Namzungumzia kunguru wa shingo ya kijivu, yule wa asili ya Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na kutoka kisiwani akaenea Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Malindi, na sasa anasogea bara kwa kufuata barabara kuu na majalala. Anakula kila kitu, na kati ya vitu anavyovipenda ni mayai na makinda ya ndege wadogo. Mwaka 2024 mamlaka ya wanyamapori ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja, jambo linaloonyesha tatizo limefika wapi. Serikali ifanye yake kwa sumu na mitego. Sisi wenye viwanja tunaweza kufunga mlango. Kunguru ni ndege mkubwa, mwenye mabawa mapana. Penye matawi yaliyosukana, yenye miiba iliyoachana upana wa vidole viwili, hapiti. Shorewanda anapita.

Mtazameni huyo shorewanda, maana mnaye wote hata kama hamjui jina lake: ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi, anayeanza kelele kabla hata muadhini hajamaliza. Kiota chake ni kikombe chepesi cha vijiti vyembamba na nyasi, kimefungwa kwa utando wa buibui, na mara nyingi ukikitazama kwa chini unauona mwanga unapenya. Hakikai juu sana. Hukipachika ndani ya kichaka, pale tawi linapogawanyika. Jike hutaga mayai mawili au matatu, yenye madoadoa ya kahawia na zambarau, na huyaatamia kwa siku 12 hadi 14. Makinda huhitaji takriban wiki mbili nyingine kabla ya kutoka. Jumlisha na siku za kujenga: zinafika wiki tano hivi, tangu kijiti cha kwanza mpaka kinda wa mwisho kuondoka.

Sasa rudini kwa yule kijana wa mkasi anayekuja kila baada ya wiki mbili. Katika wiki tano atapita mara mbili, pengine tatu. Hata asipokigusa kiota, atakuwa ameondoa majani yaliyokifunika, na kunguru hahitaji zaidi ya hapo. Ndiyo maana nasema, na hili ndilo kubwa nililokuja kulisema leo, kwamba ratiba ya kupogoa ina uzito kuliko jina la mche. Mtu mwenye duranta anayeiacha ichanue atapata ndege wengi kuliko mtu mwenye miche bora ya asili anayeinyoa kama kichwa cha askari.

Haya, twende kwenye miche.

Ningekuwa na nafasi ya mmea mmoja tu kwa nyanda hizi na hata kwa pwani, ningechagua mtandamboo. Wanaocheka jina waendelee kucheka. Mti wenyewe hauna kosa. Wamaasai wanauita olamuriaki, Wakikuyu mukawa, na kitaalamu ni Carissa. Ni kichaka cha asili ya hapa hapa, cha kijani mwaka mzima, chenye miiba iliyonyooka na utomvu mweupe. Maua yake ni meupe yenye wekundu kwa nyuma, na harufu yake jioni inafika barabarani. Matunda huanza mekundu, yakiiva yanakuwa zambarau iliyokaribia weusi, na watoto waliochunga mbuzi wanayajua vizuri. Shorewanda wanayapenda, kwenzi wanayapenda, kuzumburu wanayapenda kupita kiasi. Mtandamboo una kasoro moja: hauna haraka. Mbegu zichukuliwe kwenye matunda mabivu, zioshwe, zisiwekwe kabatini bali zipandwe mara moja, maana zikikauka sana zinakataa. Halafu uvumilie. Ninyi vijana wa vitalu, hapa ndipo biashara yenu ilipo: miche ya duranta inapatikana kila kona, lakini anayetaka mtandamboo hamsini kwa pamoja atazunguka mji mzima.

Pwani kuna mchongoma wenyewe. Siku hizi kila ua wenye miiba unaitwa michongoma, lakini huu ninaousema ni Flacourtia indica, wenye matunda mekundu ya kuelekea zambarau, na miiba isiyo na mzaha. Huo nao ni wa kwetu. Kuna mhina pia, ambao bibi zetu waliufanya ua kwa sababu mbili zinazojulikana: unazuia mbuzi, na binti akiolewa majani yapo. Na hiyo ndiyo namna nzuri ya kupogoa, kidogo kidogo kwa mkono, huku sehemu kubwa ya ua ikibaki imetulia.

Wakenya mliopo mtauliza kuhusu kayaba. Asili yake ni Afrika Kusini, lakini amezoea nyanda za juu na hana ugomvi na majirani. Miiba yake mirefu humzuia mwizi kuliko nyaya nyingi nilizoziona. Wengi wanalalamika kwamba kayaba wao hazai. Sababu ni kwamba mimea hii ina dume na jike mbalimbali. Dume halizai kabisa, na jike halizai vizuri pasipo dume karibu. Ukipanda vipandikizi vilivyokatwa kwenye mti mmoja, ua wako wote utakuwa wa jinsia moja. Panda miche ya mbegu, mingi, na usiinyoe, utapata yale matunda ya njano makali yanayokunja uso. Ndege huyasubiri yalainike.

Hapa Kilimanjaro siwezi kupita bila kusema neno juu ya masale. Mchagga hahitaji kufundishwa kwamba sale ni mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, wala kwamba anayekuja kuomba msamaha na jani la sale mkononi ni vigumu kumfukuza. Ninachotaka kuongeza ni upande wa ndege. Masale hutoa maua meupe yanayofunguka usiku yakiwa na harufu nzito, na baadaye matunda ya rangi ya machungwa ambayo ndege huyala na kusambaza mbegu zake. Ila masale peke yake hayana msongamano. Shina ni jembamba, majani yako juu, chini ni uwazi. Yachanganye na mtandamboo miguuni. Vihamba vya zamani vilikuwa na tabaka juu ya tabaka: miti mikubwa, migomba, kahawa, mboga, na mfereji ukipita katikati. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limekwisha kukitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Wageni wanakuja kupiga picha, na wajukuu wa wenye vihamba wanang'oa masale ili wajenge ukuta. Nimelisema, limetoka.

Kwa chozi, wale ndege wadogo wenye midomo iliyopinda na manyoya yanayometameta, habari ni ya maua. Wanapenda maua yenye umbo la bomba, mekundu au ya rangi ya machungwa. Tecomaria hufaa sana kwa ua, hushika kwa kipandikizi, hukua upesi, na maua yake ya machungwa hutoka kwenye ncha za matawi, ambazo ndizo mkasi hukata kwanza. Mshubiri huchanua hata wakati wa kiangazi, ambapo mimea mingine imekauka. Leonotis, ile yenye mipira ya maua ya machungwa iliyopangwa kwenye bua, wengi wanaing'oa kama gugu. Iacheni kidogo pembeni. Haibiskasi nayo ni nzuri, mradi iwe ya ua la kawaida la petali tano. Zile zenye petali nyingi zilizojazana zinapendeza kwenye picha tu, kwa sababu chozi hana pa kupitishia mdomo.

Lakini chozi haishi kwa asali ya maua peke yake, na makinda yake hata kidogo. Analisha makinda wadudu laini na buibui. Kiota chake, kile kifuko kinachoning'inia chenye mlango ubavuni na mara nyingi kibaraza juu ya mlango, kinashikiliwa na utando wa buibui tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo mtu anayepanda tecomaria mita ishirini kisha akampulizia dawa kila mdudu anayemwona, na kufagia tando zote kwenye ua kwa ajili ya usafi, amemwalika mgeni chakula akafunga jiko. Vidukari wachache kwenye majani si msiba. Kinengenenge, yule kijani mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, hupita na kundi lake akawasafisha.

Sasa mimea ambayo naomba muiache. Ya kwanza ni lantana, Lantana camara. Najua ndege wanaipenda. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Imetoka Amerika ya kitropiki, na ndege hula vitunda vyake vyeusi na kuzipeleka mbegu misituni na malishoni, ambako inafunika kila kitu na kuwatia mifugo sumu. Imo katika orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi 100 vibaya kuliko vyote. Usihesabu ndege walio kwenye lantana yako bila kuhesabu vichaka vilivyokufa milimani. Ya pili ni thevetia ya maua ya njano yenye umbo la kengele, inayopandwa sana kama ua. Kila sehemu yake ina sumu, mbegu zake zimeua watu, na ndege haiwafaidii kitu cha maana. Duranta nimekwisha kuisema: naivumilia ikiachwa ichanue, kwa sharti kwamba watoto waelezwe mapema kuwa vile vitunda vya njano ni sumu kwa binadamu, hata kama ndege wanavila. Mnyaa, au manyara, ni ua hodari wa nyanda kavu na ndege hujenga humo, lakini utomvu wake ukiingia machoni ni hospitali moja kwa moja. Panapo watoto wadogo, pawe na mmea mwingine.

Na chochote utakachochagua, usipande kimoja tu. Wenye umri wangu mnakumbuka misaipresi. Nyanda za juu za Kenya, Tanzania na Malawi zilijaa nyua za misaipresi zilizonyolewa vizuri sana. Mwaka 1986 kidukari wa msaipresi alionekana Malawi. Kufikia 1990 alikuwa Kenya. Alifyonza maji ya matawi, majani yakawa kahawia, na nyua zilizochukua miaka kukua zikakauka zikiwa zimesimama, boma baada ya boma. Wataalamu walileta nyigu mdogo wa kumdhibiti, na hali ikatulia, lakini nyua nyingi hazikurudi. Ua wa mimea minne au mitano hauwezi kufa wote kwa mdudu mmoja. Kwa ndege kuna faida nyingine: mmoja ukimaliza kuzaa, mwingine unaanza, na mwaka haukai na pengo.

Nimesikia watu wakinong'ona kuhusu nyoka. Swali hilo huulizwa kila mahali ninapozungumza, na ni swali la haki. Nyoka hafuati majani. Anafuata panya na vyura, na panya anafuata pumba, mabaki ya chakula na magunia yaliyolundikwa nyuma ya jiko. Safisheni hayo kwanza. Kisha kati ya ua na nyumba achieni ukanda wa mita moja au zaidi uliofagiliwa, ili chochote kinachovuka kionekane. Lakini msiondoe majani ya chini ya ua, maana huko ndiko tipitipi anapotambaa akitafuta konokono na mijusi, na huko ndiko kurumbiza anapojificha akiimba magharibi.

Lalamiko kuhusu kuzumburu ni gumu zaidi, na sitalipaka rangi. Ndege hawa wa mkia mrefu na kishungi watakula papai lako, nyanya zako, na machipukizi ya chochote. Ua wenye matunda hauwafukuzi. Unachoweza kufanya ni kufunga vifuko kwenye mapapai na kuweka wavu juu ya tuta la mboga. Mwenye shamba la mtama au mpunga kando ya ukuta wake, yeye nisingemshauri aweke kichaka kikubwa mpakani. Kwera na mnana wakipata pa kulala karibu na chakula, hasara ya mavuno itawaumiza wote wawili, yeye na jirani.

Kuhusu maji nitasema kwa ufupi. Beseni la udongo lisilo na kina, maji yasizidi urefu wa kidole, jiwe katikati, liwekwe karibu na miiba lakini si chini ya kichaka ambacho paka anaweza kuvizia. Badilisha maji kila siku mbili. Mbu anahitaji takriban wiki nzima kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo ukibadilisha kwa wakati huzalishi mbu.

Kuna wageni ambao huenda hamjawahi kuwaona ingawa mmelala nao kiwanja kimoja. Kuanzia Septemba hadi Aprili, ndani ya vichaka vyetu wamo ndege wadogo waliozaliwa Ulaya na Asia ya kaskazini. Mmoja wao, wa kijani kilichofifia na manjano hafifu, ana uzito wa gramu kumi hivi. Kule Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, tangu 1969 wataalamu wamekuwa wakiwanasa wasafiri hawa usiku wa ukungu, kuwavalisha pete miguuni na kuwaachia. Kati ya wanaonaswa kwa wingi yumo mmoja wa vichakani ambaye wimbo wake umejaa sauti za kuiga. Katika sauti hizo wamegundua nyimbo za ndege wengi wa Afrika Mashariki. Dume lake likiimba kando ya mto Ujerumani mwezi Juni, linaimba kwa sauti za ndege wa huku. Ndege kama huyo hahitaji asali wala tunda kutoka kwako. Anahitaji kichaka chenye wadudu ambacho hakikupuliziwa dawa.

Namna ya kupanda ni hii. Mistari miwili, miche ikipishana, nusu mita kati ya mche na mche. Weka tecomaria katikati ya mtandamboo ili upate majani mapema huku ule wa polepole ukijivuta. Ua uwe mpana chini na mwembamba juu. Ukifanya kinyume, majani ya chini yatakosa mwanga na miguu ya ua itabaki wazi. Upogoe mara moja kwa mwaka, Julai au Agosti, baada ya masika kwisha na kabla ya vuli, na upogoe upande mmoja tu. Upande wa pili usubiri mwaka unaofuata. Hata katika miezi hiyo, tenganisha matawi kwa mkono utazame ndani kabla ya kukata. Ukikuta kiota chenye mayai, ruka mita mbili, endelea mbele.

Mwenye ukuta tayari asiubomoe. Kipande cha mita tatu kwenye kona isiyopitwa na watu, ndani ya ukuta huo huo, kinatosha shorewanda jozi moja na chozi jozi moja.

Vuli hapa kwetu inaanza Oktoba ikiwahi, Novemba ikichelewa. Mashimo yachimbwe Septemba, samadi iingie mapema. Na ninyi vijana wa nyuma, nawaomba mkaokote matunda ya mtandamboo msimu huu huu, kabla kuzumburu hawajayamaliza, ili watu hawa wakija kwenu kutafuta miche wasirudi tena na duranta.